Dawa ya Antena

Mume wangu alinioa pamoja na redio yake. Sisemi kwa uchungu, maana nilijua tangu mwanzo. Siku tuliyohamia hii ploti yetu ya Munyaka, vitu vya kwanza kushuka kwenye pikapu havikuwa kitanda wala meza. Yalikuwa mabomba ya mlingoti. Nilikaa nje juu ya godoro langu, mtoto mapajani, nikisubiri mlingoti upate pa kusimama ndipo mimi nipate pa kulala. Majirani walipita wakitutazama, nami nikajifanya napunga hewa.

Alikuwa fundi wa simu, zile simu za nguzo na waya. Jioni akishavua buti aliingia kwenye chumba kidogo kando ya jiko, akavaa hedifoni, akaanza kuita watu asiowajua. Redio ya namna ile si ya kusikiliza taarifa ya habari. Ni ya mtu mmoja kuzungumza na mtu mwingine yeyote duniani mwenye redio kama yake, bila biashara yoyote, mradi wasikizane. "Sikyu, sikyu, sikyu," aliita, kama mtu anayeita kuku walioingia shamba la watu. Akishapata wa kumjibu, wa Brazili au wa Japani, waliambiana hali ya hewa na kuagana. Baada ya miezi kadhaa kadi ya posta ingefika kutoka kwa yule mtu, naye angeibandika ukutani.

"Mmeongea nini naye?" nilimuuliza.

"Nimemwambia Eldoret kuna upepo."

"Na yeye?"

"Kwao kunanyesha."

Nilicheka siku hiyo hadi nikashika mlango. Mtu avuke bahari kwa ajili ya hayo! Leo ningetoa kitu kikubwa nimsikie tena akimwambia mgeni kwamba Eldoret kuna upepo.

Kilichopeleka sauti yake huko kote ni antena. Juu ya mlingoti palikuwa na bomba moja nene lililolala, na kwenye hilo alikuwa amefunga mabomba matano membamba ya aluminiamu, kila moja na urefu wa sebule yetu, yamepangwa sambamba. Jirani yangu aliiita mfupa wa samaki, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Sisi ni watu wa ziwa, na juu ya paa letu alikuwa ngege aliyekwisha kuliwa nyama yote. Kila aliyeuliza njia ya kwetu alielekezwa kwa huyo ngege.

Jirani mwenyewe tulimwita Mama Pacha, kwa sababu uzazi wake wa kwanza ulikuwa mapacha. Alitoka Magharibi, akafika Eldoret kama sisi kwa kufuata kazi, na kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule kwa mashine. Kwa baridi ya Eldoret, mwenye mashine ya sweta hakosi wateja. Kati ya ploti yake na yetu palikuwa na ua wa kayaba, wenye miiba mirefu kama sindano ya gunia, na katikati ya ua tulikuwa tumekata upenyo wa kupita mtu mmoja akiinama. Chumvi ilipita hapo, makaa yalipita, watoto walipita, na umbea wa kanisani ulipita bila hata kuinama.

Kuanzia Desemba hadi Machi, mahindi yakishavunwa na mashamba yakibaki wazi, upepo wa Eldoret hupata njia. Ilipofika saa nne asubuhi hivi, antena ilianza kulia. Haikupiga mayowe. Ilitoa sauti moja nene, uuuum, isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayekumbuka wimbo na midomo imefungwa. Jumamosi, mimi na Mama Pacha tukikaa uani kupukuchua mahindi, yeye alikuwa akiidaka sauti ile na kuanzisha wimbo wa kwaya juu yake. "Mwalimu, organi imeanza," angeniambia, maana mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtaa wote uliniita hivyo. Yeye aliimba sauti ya kwanza, mimi ya pili, na antena ikatushikia ya tatu. Sijawahi kuimba vizuri vile mbele ya mimbari yoyote.

Lakini Jumamosi ni moja kwa wiki. Siku nyingine Mama Pacha alikuwa kwenye mashine yake, na kwake antena ilikuwa kero tupu.

"Fundi, hiyo kitu yako inalia kama nyumba ya matanga," alimwambia mume wangu pale upenyoni. "Inaingia kwa mashine, inaingia kwa meno. Siwezi hesabu hata mistari ya sweta."

Mume wangu naye hakuipenda sauti ile, ila kwa sababu yake mwenyewe. Alituita wote wawili, akachukua kipande cha waya na kukikunja huku na huku mbele yetu, taratibu, bila nguvu yoyote, mpaka kikakatika.

"Mnaona? Sijakivuta. Nimekichokesha tu," alisema. "Ile sauti ni mabomba yanatetemeka. Upepo mkali mimi siuogopi, huo unakuja na fujo na unapita. Naogopa huu mpole, ule wa kuvuma sawasawa kutwa nzima. Huo ndio unachokesha chuma."

Mimi nilikuwa nachambua maharagwe, na sikumtilia maanani.

Mwaka huo chuma kilichoka. Bomba moja lilikatika pale pale lilipofungwa, likaanguka upande wa pili wa ua na kujisimamisha kwenye sukuma wiki ya Mama Pacha. Mapacha walikuwa shuleni. Mama Pacha alilichomoa, akapita nalo upenyoni akiwa amelishika kama mkuki, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mzee, leo ni sukuma. Kesho ni kichwa ya mtu. Inyamazishe ama uishushe."

Usiku ule mume wangu hakumuita mtu yeyote redioni. Alikaa sebuleni akiliviringisha lile bomba mikononi. "Nikiishusha sasa, sitaipandisha tena," aliniambia. "Najijua." Nami nilimjua pia. Alikuwa amebakisha miaka michache astaafu, na nguzo za simu zenyewe zilikuwa zikikatwa kuni kwa sababu kila mtu alikuwa na simu mfukoni. Ukimwondolea antena ulikuwa umemwondolea ufundi wote.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa gunzi la mahindi. Msicheke, hapa kwetu gunzi ni kizibo cha kila kitu, kuanzia chupa ya mafuta ya taa hadi tundu la panya. Aliwaza kwamba bomba hulia kama chupa inavyolia ukiipuliza mdomoni, kwa hiyo ukiziba mdomo, limenyamaza. Alifunga bomba jipya mahali pa lile lililokatika, akachagua magunzi kumi ya kutosha kila ncha, akapanda juu, akayapigilia. Upepo ulipokuja antena ililia vile vile, tena kwa raha. Mvua moja ya ghafla iliyavimbisha magunzi, jua likayakausha, yakaanza kudondoka moja moja.

"Fundi!" Mama Pacha alipaza sauti kutoka kwake. "Siku hizi mnavuna huko juu?"

Hata mume wangu alicheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka sisi watatu tukicheka pamoja.

Wiki iliyofuata nilisafiri kwetu ziwani kuzika shangazi. Niliondoka Alhamisi, nikarudi Jumamosi mchana, na mavumbi ya safari, na begi la nguo za kufua. Nilifua kabla hata ya kunywa chai. Nilipoinuka na beseni, kamba yangu ya kuanikia haikuwepo. Nguzo mbili zilisimama pale uani, na katikati yake hewa.

Ilikuwa kamba ya manila ya buluu, niliyoipenda kwa sababu haiachi kutu wala rangi kwenye shuka nyeupe. Ilikuwa imewahi kukatika, nami nikaiunga na kuizungushia kitambaa cha maua kilichobaki kwenye gauni langu, ili fundo lisikwaruze nguo. Mume wangu alikuwa kazini. Nguzo ya simu ilikuwa imeanguka upande wa Ainabkoi. Nikatazama juu ya ua. Kwa Mama Pacha, sweta za shule zilikuwa zimeanikwa, ndogo kwa kubwa, juu ya kamba ya manila ya buluu.

Hapa ndipo ninapojua jinsi nilivyo. Mtu mwingine angeinama upenyoni na kusema, "Jirani, hujaona kamba yangu?" Mimi nilipita upenyoni nikiwa nimeshamaliza kesi. Wanawake wawili wa kwaya walikuwa kwake wakipimiwa watoto sweta, nami sikuwajali, au labda niliwajali sana.

"Sweta zimekauka vizuri, Mama Pacha," nilisema. "Kamba ya wenyewe hukausha hivyo."

Alinitazama, akatazama kamba, akatazama juu kwenye paa letu. Kisha akaanza kutoa sweta moja moja, mbichi kwa kavu, akazirundika begani. Akafungua fundo la huku, akaenda akafungua la kule, akaikunja kamba vizuri kama mtu anayefunga zawadi, akaniwekea mkononi.

"Kamba ni hii, Mwalimu. Usikose pa kuanika."

Nami niliichukua. Niliifunga kwenye nguzo zangu, nikaanika nguo za matanga. Niliona kwamba haikuwa na fundo wala kitambaa cha maua, nikajiambia amekata kipande hicho ili isitambulikane. Niliona kwamba ni ndefu kuliko yangu kwa hatua nzima, nikajiambia kamba hunyooka. Nilikuwa na majibu ya kila kitu alasiri ile.

Jioni mume wangu alirudi na kifurushi kwapani. Alisimama uani akaitazama kamba.

"Naona una kamba," alisema.

"Nimeshapata yangu."

"Basi hii nitaiweka." Akaingia chumba chake, akatoka amefurahi. "Na antena umeisikia?"

Nikasikiliza. Upepo ulikuwepo, miti ilikuwa ikiinama, na juu ya paa palikuwa kimya.

"Nimeipatia dawa," alisema. "Hailii tena."

"Vizuri," nilisema, nikaingia jikoni. Sikuuliza ni dawa gani. Nilikuwa na hasira ya kuitunza. Na kisa chenyewe cha kamba sikumweleza hata siku moja, kwa sababu mwalimu mzima kugombana na jirani juu ya kamba ya nguo ni jambo la kuchekwa. Alipouliza kwa nini Mama Pacha haji, nilisema ni mambo ya wanawake, naye aliyaheshimu mambo ya wanawake kuliko inavyofaa.

Kayaba haihitaji kualikwa. Msimu mmoja wa mvua, upenyo ulianza kupungua. Msimu wa pili, ulijaa miiba. Tulisalimiana kanisani kwa sababu mchungaji alikuwa akitutazama. Mapacha walimaliza shule, wakaenda zao. Upepo wa Januari ulikuja na kuondoka bila sauti, na mimi nilizoea kudhani kwamba kimya kile kilitokana na ugomvi wetu. Jumamosi nilipukuchua mahindi peke yangu. Mara nyingine nilijaribu kuanzisha wimbo, nikajikuta nimeanza juu mno, nikaacha.

Ilipita miaka kumi na moja. Mume wangu alistaafu, akaongea na dunia nzima kutoka kwenye kile chumba, na hakuna bomba lililokatika tena. Mwaka jana moyo wake ulisimama akiwa kitini, hedifoni shingoni. Katika matanga Mama Pacha alikuja, akaketi nyuma kabisa ya hema, akanipa mkono kama wengine. Lakini mchungaji alipochelewa na watu wakaanza kunong'ona, ni yeye aliyeanzisha wimbo. Aliuanza chini, kwa sauti nene iliyotulia, nami niliijua sauti ile mahali ilipotoka. Nililia siku hiyo kwa sababu mbili, na watu walinifariji kwa moja tu.

Januari hii alikuja bwana mmoja wa Ainabkoi, mkulima wa ngano na viazi, ambaye mume wangu alikuwa amemfundisha redio na kumwahidi antena. Aliulaza mlingoti polepole, akaanza kufungua mabomba moja moja ayafunge kwenye pikapu. Niliketi kwenye kigoda nikimtazama, kwa sababu kutazama ndiyo kazi iliyokuwa imebaki.

"Mama, Mzee alikuwa fundi," alisema. "Hakuna bomba hata moja imepasuka. Unajua siri ni nini?"

"Alisema aliipatia dawa."

"Dawa ni hii." Aling'oa kizibo cha plastiki kwenye ncha, akaingiza vidole, akaanza kuvuta. "Unaweka kamba ndani, imelala tu, legevu. Bomba ikitaka kutetemeka, kamba inajigonga ndani na kula ile mtetemo yote. Lakini si ya katani, hiyo inaoza. Lazima manila."

Kamba ilitoka, buluu kama siku nilipoinunua, kwa sababu huko ndani jua halikuifikia. Ilitoka ya bomba la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne ilikwama kidogo. Akavuta kwa nguvu, na fundo likatoka, limezungushiwa kitambaa cha maua.

Sijui nilisema nini. Najua yule bwana aliacha kazi akaniletea maji. Nilikunywa, nikaingia kile chumba kidogo, nikafungua sanduku la vifaa vyake, na chini ya nyaya nilikuta kifurushi kile, bado kimefungwa kwa gazeti. Ndani yake kulikuwa na kamba mpya ya manila, ya buluu. Alikuwa ameninunulia badala ya ile aliyoikata, na mimi nilikuwa nimemwambia nimeshapata yangu.

Nikatoka uani. Kamba niliyoanikia miaka kumi na moja ilikuwa pale, imepauka kabisa kwa jua. Niliondoa nguo zangu moja moja, mbichi kwa kavu, nikazirundika begani. Nikafungua fundo la huku, nikaenda nikafungua la kule. Ile kamba mpya ya sandukuni nilimpa bwana wa Ainabkoi aitie kwenye mabomba atakapoisimamisha antena kwake. Upenyo haukuwepo tena, kwa hiyo nilizunguka kwa barabara hadi geti la Mama Pacha, mahali ambapo sikuwa nimewahi kubisha hodi kama mgeni.

Alikuwa kwenye mashine. Aliponiona, mashine ikanyamaza.

"Karibu, Mwalimu."

Nikamnyooshea ile iliyopauka. "Hii ni yako."

"Najua."

Nikamwonyesha kipande chenye kitambaa cha maua. "Na hii ndiyo yangu. Ilikuwa ndani ya antena."

"Hiyo pia najua," alisema. "Mimi ndio nilishika mwisho moja, Mzee akavuta hiyo ingine. Ijumaa hiyo, wewe ukiwa matanga. Aliniambia nisijali, atakununulia ingine. Na mimi pia nilikuwa nimenunua yangu jana yake, buluu kama yako."

"Kumbe siku ile ulijua! Na ukanipa yako? Mbona hukusema?"

Aliondoa uzi kwenye vidole vyake, akauweka kando, bila haraka.

"Niseme nini? Hukuniuliza, Mwalimu. Uliniambia."

Nilisimama pale kwenye mlango wake na kamba mikononi. Nilikuwa nimekuja na maelezo ya njia nzima, ya aibu, ya uchovu wa safari, ya rangi ya kamba, nikayaacha yote. Nilisema pole. Nikasema tena. Nilimwambia kwamba nilikosea mbele ya watu na nitasema mbele ya watu, kwamba nimekuwa nikimkumbuka kila Jumamosi, na kwamba nimezeeka vibaya bila yeye. Hayo yote ni kweli, na machozi yalikuwa yananitoka kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nje, upepo ulikuwa umeanza, na sote wawili tukajikuta tumeinua vichwa, tunasikiliza juu ya paa letu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Nilimwambia ainyamazishe," alisema mwishowe. "Iliponyamaza, wiki moja tu, nikaikosa."

Kisha akainuka, akatoka uani nami nikamfuata. Alichukua ncha moja ya ile kamba iliyopauka, akaanza kuifunga kwenye nguzo yake iliyokuwa tupu. Ncha ya pili alinirushia.

"Vuta," alisema. "Vuta sawasawa, Mwalimu. Mzee alikuwa anavuta kukushinda."

Nikavuta.